Kuhesabu na kupima punje za mchanga wa volkeno kwa ImageJ: mwongozo kamili

Ukimuuliza fundi wa bloki hapa Goma mchanga upi unafaa, atakujibu kwa vidole. Atauchota, atausugua kiganjani, atakwambia huu una unga mwingi, ule una punje nzuri. Mara nyingi anasema kweli. Shida inaanza pale mwanafunzi anapoandika kwenye TFC yake, ile kazi ya kumalizia masomo, kwamba mchanga wa machimbo fulani ni mnene kuliko wa machimbo mengine, na profesa anamuuliza: kwa kiasi gani?

Jibu la kawaida ni kutafuta seti ya machekeche ya maabara. Kama huipati, kuna njia nyingine inayohitaji skana au simu, kompyuta ya kawaida na subira: unapiga picha ya punje, kisha programu inazihesabu na kupima kila moja. Hapa natumia mchanga mweusi wa volkeno kwa sababu ndio uliopo mlangoni petu, toka Himbi mpaka Mugunga. Lakini hatua ni zile zile ukiwa na mbegu za mtama au unga wa malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, uliosagwa Lubumbashi.

Jambo moja lijulikane mapema. Programu haijui punje ni nini. Inachojua ni kundi la pikseli, yaani nukta za picha, nyeusi zinazogusana. Punje mbili zilizoegemeana, kwake ni punje moja kubwa. Uzi wa shati ulioanguka kwenye karatasi, kwake ni punje ndefu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla hujafungua kompyuta, na ndiyo maana sehemu za sampuli na picha hapa chini ni ndefu kuliko ile ya kubonyeza kitufe cha kuhesabu.

Programu yenyewe

Tutatumia ImageJ. Ilitungwa na Wayne Rasband katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ikatolewa mwaka 1997 ikirithi programu ya zamani ya kompyuta za Macintosh iliyoitwa NIH Image. Ni ya bure kabisa, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Fiji ni ImageJ ile ile iliyofungashiwa programu-nyongeza nyingi. Ukiweza kupata Fiji, chukua hiyo. Ukihesabu megabaiti, ImageJ tupu inatosha kwa yote yaliyomo humu.

Faida yake kubwa kwetu ni kwamba ukishaipakua, haihitaji intaneti tena. Haisakinishwi: unafungua faili la zip, unaweka folda, unabonyeza. Unaweza kuibeba kwenye flashi kutoka sekretaria ya kupiga kopi hadi nyumbani. Kwenye Windows usiiweke ndani ya Program Files, kwa sababu mfumo huizuia kuandika mambo yake humo. Iweke kwenye Documents au juu ya meza ya kompyuta. Fiji ikikuuliza kama unataka kuisasisha, unaweza kukataa na kuendelea na kazi.

Menyu zake ni za Kiingereza. Nitayaandika majina kama yanavyoonekana kwenye skrini ili uyapate bila kutafuta.

Sampuli: mchanga hujichambua wenyewe njiani

Gunia la mchanga likishuka kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kutoka machimboni, kila mtikisiko wa njia unashusha unga chini na kuacha punje kubwa juu. Ukichota konzi moja juu ya gunia, umepima juu ya gunia tu, mchanga wenyewe hujaupima. Lundo nalo lina hila yake: punje kubwa huteleza hadi chini pembezoni, ndogo hubaki katikati.

Fanya hivi. Chota sehemu kadhaa za lundo, juu, katikati na chini, ndani kabisa na pembeni. Mwaga zote kwenye turubai safi, zichanganye kwa koleo, zirundike ziwe kama pia, yaani umbo la koni. Bapaza pia hiyo, igawe mafungu manne kwa ubao, tupa mawili yanayotazamana, changanya mawili yaliyobaki. Rudia mpaka ubakiwe na kama kijiko kimoja. Inachosha, lakini usikate kona kwa kuchota kijiko moja kwa moja kutoka kwenye mfuko mdogo, maana hapo unarudia kosa lile lile la gunia.

Sasa vumbi. Kokoto ya volkeno ina matundu, na matundu hubeba unga. Unga huo ukiachwa utachafua karatasi nyeupe na programu itauhesabu kama maelfu ya punje. Pima uzito wa sampuli ikiwa kavu, ioshe kwa maji, mwaga maji machafu, rudia mpaka maji yatoke meupe, anika juani hadi ikauke kabisa, pima tena. Tofauti ya uzito ndiyo unga uliopotea, na lazima uuandike, hasa kama swali lako ni la bloki ambako unga una maana yake. Kinachobaki ndicho tunachopiga picha.

Picha

Kwa punje kati ya robo milimita na milimita kadhaa, skana ya mezani inashinda simu. Haina upotovu wa lenzi pembeni, mwanga wake haubadiliki, na kipimo chake kinajulikana. Sekretaria nyingi za kupiga kopi zinayo. Tatizo ni kioo. Mwenye sekretaria akiona unamwaga mchanga wa volkeno juu ya kioo cha skana yake atakufukuza, na ana haki, kwa sababu punje hizo zinakwaruza. Tumia plastiki mpya inayopitisha mwanga, zile wanazofunikia kurasa za TFC. Kata fremu ya katoni yenye uwazi wa sentimita 10 kwa 10, ibandike juu ya plastiki, na umwage punje ndani ya uwazi huo. Fremu inazuia mchanga usitoroke, na pia inabeba karatasi nyeupe utakayoweka juu bila kuzigusa punje. Karatasi ikikaa juu kidogo, kivuli cha punje hufifia chenyewe.

Mimina kidogo. Kidogo kuliko unavyofikiri. Punje ikikaa kila milimita 3, uwazi huo unabeba zaidi ya elfu moja, na hizo zinatosha sana kwa picha moja. Zitawanye kwa brashi laini kavu mpaka zisigusane. Dakika tano za brashi zinaokoa saa nzima ya kurekebisha kwenye kompyuta.

Kwenye mipangilio ya skana chagua rangi ya kijivu na nukta 1200 kwa inchi. Zima kila kinachoitwa uboreshaji wa picha. Changanua lile eneo la fremu tu. Hifadhi kama TIFF au PNG. JPEG inabana picha kwa kuvuruga kingo, na kingo ndizo tunazopima. Eneo la fremu kwa 1200 litakupa picha ya pikseli kama milioni 22, ambayo kompyuta ya zamani itaibeba. Ukurasa mzima wa A4 ungefika karibu milioni 139, na kwa rangi ungeilaza mashine yako.

Kwa nini 1200? Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo 1200 gawanya kwa 25.4 ni pikseli 47.24 kwa kila milimita. Punje ya robo milimita inapata pikseli kama 12 kutoka upande hadi upande. Kwa 600 ingepata 6 tu. Mimi huweka mpaka kwenye pikseli 10: punje yenye upana mdogo kuliko huo naihesabu lakini siamini ukubwa wake, na umbo lake siliandiki kabisa. Vumbi la chini ya sehemu ya kumi ya milimita linahitaji darubini, na huko kila lenzi hupimiwa kivyake kwa rula ndogo ya darubini.

Kama huna skana na unayo simu, inawezekana. Weka punje juu ya karatasi nyeupe chini ya baraza, siku ya mawingu, flashi ikiwa imezimwa. Simu iegemee kitu, ikitazama chini wima. Usiisogeze karibu mno. Afadhali iwe juu kidogo na uvute picha kwa lenzi ya mara mbili kama ipo, kwa sababu ukaribu hupinda pembe za picha. Weka rula mbili pamoja na punje, moja katikati na nyingine ukingoni. Baadaye kwenye kompyuta pima sentimita moja ya kila rula: zikitofautiana kwa pikseli, simu ilikuwa imeinama au lenzi inapinda, rudia.

Na tafadhali usijitumie picha hiyo kwa WhatsApp kama picha. WhatsApp huipunguza. Itume kama dokumenti, au tumia waya.

Kuipa programu kipimo

Fungua picha kwa File > Open. Kabla ya kugusa chochote, hifadhi nakala na ufanye kazi kwenye nakala. Picha ya asili haiguswi. Kama ni ya rangi, igeuze kwa Image > Type > 8-bit.

Nenda Analyze > Set Scale. Kwa picha ya skana ya 1200, kwenye Distance in pixels andika 47.24, kwenye Known distance andika 1, kwenye Unit of length andika mm. Kwa picha ya simu, kwanza chora mstari ulionyooka juu ya rula, mrefu kadiri inavyowezekana, kisha fungua dirisha lile lile: pikseli zitakuwa zimejijaza, wewe andika urefu halisi. Kisanduku cha Global kinatumia kipimo hicho kwa kila picha inayofunguliwa. Ni kizuri kwa picha za skana ile ile, ni hatari ukichanganya picha za simu za siku tofauti.

Usiiamini skana kwa maandishi ya kwenye boksi lake. Changanua karatasi ya milimita, ile ya michoro ya shuleni, upime milimita 100 kwa usawa na 100 kwa wima. Kila upande uwe karibu na pikseli 4724. Pande mbili zikitofautiana, kichwa cha skana hakiendi sawasawa na unapaswa kulijua hilo.

Jaribio la pili nalipenda zaidi. Kata kwa wembe na rula mraba wa karatasi nyeusi, milimita 10 kwa 10, uchanganue ukiwa sambamba na ukingo wa kioo, kisha upitishe kwenye hatua zote zilizo hapa chini. Eneo litoke karibu na milimita mraba 100, na mviringo, yaani namba ya jinsi umbo linavyokaribia duara ambalo ni 1, karibu na 0.78. Halafu uzungushe mraba huo huo kidogo na uuchanganue tena. Eneo halitabadilika sana, ila mviringo utashuka, ingawa karatasi ni ile ile. Programu inapima mzingo kwa ngazi za pikseli, na mstari ulioinama una ngazi nyingi. Ukishaliona hilo kwa macho yako hutabishana na mtu tena kuhusu tofauti ya 0.81 na 0.79.

Kizingiti: hapa ndipo namba zinapoamuliwa

Picha ya kijivu ina viwango 256, kutoka 0 ambayo ni nyeusi hadi 255 ambayo ni nyeupe. Kizingiti ni pale unaposema: chini ya hapa ni punje, juu ya hapa ni karatasi. Fungua Analyze > Histogram kwanza uone. Picha nzuri ina vilima viwili vilivyotengana, kimoja cha karatasi na kimoja cha punje, na bonde pana katikati. Kama hakuna bonde, rudi kwenye picha; hakuna kizingiti kitakachoiokoa.

Kama mwanga hauko sawa, jambo la kawaida kwa picha za simu, tumia Process > Subtract Background na uweke alama kwenye Light background. Nusukipenyo (radius) cha mpira kinachoombwa pale kiwe kikubwa kuliko punje yako kubwa kabisa, la sivyo programu itaila punje ikidhani ni kivuli. Kisha Process > Filters > Median, nusukipenyo (radius) 2, ifute madoadoa.

Sasa Image > Adjust > Threshold. Ondoa alama kwenye Dark background, kwa sababu punje zetu ni nyeusi juu ya nyeupe. Utaona orodha ya mbinu za kuchagua kizingiti: Default, Otsu, Triangle, Li na nyingine. Otsu, iliyotokana na kazi ya Nobuyuki Otsu ya mwaka 1979, hufanya vizuri pale vilima viwili vinapoonekana wazi, na mchanga mweusi kwenye karatasi nyeupe ni hali hiyo hasa. Kama punje ni chache sana kwenye picha kubwa, kilima chao kinakuwa kidogo na Otsu inaweza kuteleza, jaribu Triangle. Kuvuta kitelezi kwa mkono hadi ipendeze ni kishawishi kibaya: leo utavuta hapa, kesho pale, na sampuli mbili hazitalinganishika. Chagua mbinu moja, iandike, itumie kwa picha zote.

Kosa la kizingiti halimgusi kila mmoja sawa. Chukulia kizingiti kimekula pikseli moja kuizunguka punje. Punje yenye upana wa pikseli 100 inabaki na 98, eneo linapungua kama asilimia 4. Punje ya pikseli 10 inabaki na 8, na eneo lake limepungua asilimia 36. Ni kosa lile lile, ila mdogo ameumia mara tisa. Ndiyo sababu ya ule mpaka wa pikseli 10, na ndiyo sababu ya kuwa na wasiwasi na ripoti yoyote inayotaja wastani wa punje ndogo bila kutaja kizingiti.

Ukiridhika bonyeza Apply. Picha sasa ni nyeusi na nyeupe tupu.

Lava yetu ina kioo na matundu, kwa hiyo punje humeremeta, na mmeremeto unakuwa tundu jeupe ndani ya punje. Process > Binary > Fill Holes inaziba matundu yaliyofungwa pande zote. Mmeremeto uliofika ukingoni hauzibwi, na punje itabaki kama mwezi mwandamo. Zikiwa nyingi za namna hiyo, shida ni mwanga, changanua tena.

Punje zilizogusana

Process > Binary > Watershed huchora mstari wa pikseli moja pale ambapo umbo limebanwa kiunoni. Itumie baada ya kuziba matundu, kamwe si kabla, kwa sababu kila tundu lingezaa mipasuko. Inafaa kwa punje za mviringo. Kwa vipande vyenye kona kona kama vya kokoto ya volkeno hupasua hata punje moja ndefu ikawa mbili. Angalia kwa jicho: fungua picha ya asili pembeni, kagua punje kama hamsini. Ikiwa imepasua nyingi kuliko ilizotenganisha kwa haki, iache, urudi kwenye brashi.

Kuhesabu

Kwanza Analyze > Set Measurements. Weka alama kwenye Area, Perimeter, Shape descriptors na Feret's diameter. Nyingine hatuzihitaji.

Kisha Analyze > Analyze Particles. Kwenye Size, kama kipimo kipo, unaandika milimita mraba. Mimi huandika 0.035-Infinity: eneo hilo ni la duara la pikseli 10 kwa skana ya 1200, na linatupa nje vumbi lote. Circularity iache 0.00-1.00, ukiibana kabla hujaona takwimu unatupa punje halali. Kwenye Show chagua Outlines. Weka alama kwenye Display results, Clear results, Summarize na Exclude on edges.

Hiyo ya mwisho inatupa punje zilizokatwa na ukingo wa picha, kwa kuwa ukubwa wao haujulikani. Ina gharama yake: punje kubwa hugusa ukingo mara nyingi kuliko ndogo, kwa hiyo unapoteza kubwa zaidi. Kama fremu yako ina ukingo mtupu wa milimita chache usio na mchanga, hutapoteza hata moja. Panga hivyo. Na kabla ya kuhesabu, kata picha ubaki ndani ya fremu, la sivyo katoni yenyewe itahesabiwa.

Ukipata jibu la punje moja yenye eneo la picha nzima, usishtuke. Nyeusi na nyeupe zimebadilishana nafasi. Edit > Invert, au kagua Black background kwenye Process > Binary > Options.

Halafu tazama ile picha ya mipaka yenye namba. Itazame kweli. Punje namba 214 ni punje au ni uzi? Ile kubwa namba 37 ni moja au ni tatu? Jedwali halitakwambia. Nyuzi unazigundua haraka kwa kupanga safu ya Solidity, inayoonyesha umbo limejaa kiasi gani bila mabonde: punje nzima iko karibu na 1, uzi uliopinda unashuka mno.

Namba zinasema nini

Area ndiyo namba imara kuliko zote. Kuigeuza kuwa kipenyo, gawanya eneo kwa pai, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 2. Eneo la milimita mraba 0.50 linatoa kipenyo cha karibu milimita 0.80, yaani cha duara lenye eneo sawa na punje hiyo.

Feret ni upana mrefu kabisa, kama vile unaibana punje kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia chenye taya mbili. MinFeret ni upana mfupi kabisa. Hii ya pili ndiyo ya kutumia ukitaka kujilinganisha na chekeche. Punje ikimwagwa hulala kwa tumbo, upande wake mwembamba ukielekea juu, kwa hiyo kutoka juu unaona urefu na upana, huoni unene. Na kwenye tundu la chekeche ni upana unaoamua kama itapita au itabaki. Usitumie Feret kwa kazi hiyo. Itakuonyesha mchanga mnene kuliko ulivyo.

Circ. ni mviringo: mara nne ya pai mara eneo, gawanya kwa mzingo uliozidishwa kwa wenyewe. Duara ni 1. Tumekwisha kuona kwenye mraba wa karatasi jinsi inavyoyumba. Kwa umbo la jumla naamini zaidi AR, yaani uwiano wa urefu kwa upana.

Sasa tofauti inayowaangusha wengi mbele ya jopo. Chekeche hutoa asilimia ya uzito. Picha hutoa asilimia ya idadi. Chukulia una punje 900 za milimita 0.3 na punje 100 za milimita 1. Kwa idadi, ndogo ni asilimia 90. Lakini ujazo hufuata kipenyo kwa kipeo cha tatu: zile 900 zina sehemu 24.3, zile 100 zina sehemu 100. Kwa ujazo, ndogo ni chini ya asilimia 20. Mchanga ni ule ule, hadithi ni mbili, na zote ni za kweli. Kabla ya kulinganisha na jedwali la chekeche, ongeza safu ya kipenyo kwa kipeo cha tatu na utumie jumla zake. Bado hapo una ujazo. Kuugeuza kuwa uzito unahitaji kujua matundu, na kokoto ya volkeno haina matundu sawa kwa punje zote.

Punje ngapi zinatosha? Ukihesabu 400 za kundi fulani, tegemea kuyumba kwa kama 20, yaani asilimia 5. Ukihesabu 25, kuyumba ni 5, asilimia 20. Kundi la punje kubwa ndilo huwa na chache, na ndilo lenye uzito mwingi, kwa hiyo piga picha nyingine mpaka kundi hilo lijae. Wala usichanganue punje zile zile mara mbili.

Excel ya Kifaransa

Kompyuta nyingi za hapa zimewekwa kwa Kifaransa, na hapo ndipo jedwali zuri linapoharibika. ImageJ inaandika desimali kwa nukta na kutenganisha safu za CSV, yaani faili la jedwali inalohifadhi, kwa koma. Excel ya Kifaransa inasubiri koma kwenye desimali na nukta-mkato kati ya safu. Matokeo: kila kitu kinaingia safu moja, na ukilazimisha, 0.798 inabaki maandishi na wastani haukokotoleki. Fungua faili kwa LibreOffice Calc. Itakuuliza lugha na kitenganishi. Chagua Kiingereza cha Marekani na koma, na kila namba itakaa mahali pake.

Picha nyingi kwa mpigo

Ukishapata hatua zako, usizirudie kwa mkono kwa picha ishirini. Fungua Plugins > Macros > Record, kisha fanya picha moja mwanzo hadi mwisho. Kila unachobonyeza kinaandikwa kwenye dirisha hilo kama mstari. Futa mistari ya makosa, na ule wa kufungua picha, bonyeza Create, hifadhi. Orodha hiyo ya amri ndiyo makro. Process > Batch > Macro itaipitisha kwenye folda nzima. Kabla ya hapo toa neno clear kwenye mstari wa kuhesabu, la sivyo kila picha itafuta matokeo ya iliyotangulia na utabaki na ya mwisho tu. Ipitishe kwanza kwenye picha tatu ulizokwisha kuzifanya kwa mkono; namba zikilingana, iachie zilizobaki, na umeme ukikatika katikati unaanza folda upya bila kukumbuka chochote.

Hifadhi pamoja, kwenye folda moja yenye jina la machimbo na tarehe: picha za asili, picha za mipaka, jedwali, makro, na faili fupi la maandishi lenye toleo la ImageJ (lipo kwenye Help > About ImageJ), nukta kwa inchi, mbinu ya kizingiti, eneo dogo kabisa ulilokubali, kama Watershed ilitumika, idadi ya punje, na uzito wa unga uliooshwa. Kwenye TFC hayo yanaingia sura ya mbinu, aya moja, na picha moja ya mipaka kama kiambatisho.